Samaki Wazima

Wavu ulikuwa mzito.

Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita, msomaji, na najua wengine mmelala vibaya kwa sababu hiyo. Chilufya yumo ndani ya basini ya saruji, maji ya baridi yamemfika kiunoni, anavuta. Ukingoni wamesimama wageni wa ufadhili, simu zao juu, tayari kwa picha. Na Chilufya peke yake, kati ya wote waliokuwa wakitabasamu, anajua kwamba jana jioni basini hiyo haikuwa na samaki hata wa kumwonjesha paka.

Basi uzito huu umetoka wapi?

Akavuta tena. Wavu ukapanda.

Samaki walitoka. Tena wengi! Lakini walitoka wameshikamana mbavu kwa mbavu, wagumu kama mlango, na umbo lao lilikuwa la pembe nne.

Walikuwa wameganda barafu.

"Mayo!" akalia Mama Mwansa, mama yake Chilufya, akajiziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

Ingénieur Casimir, rais wa Ushirika wa Samaki wa Kisasa wa Kasungami, akatabasamu. Yeye ni mtu wa kutabasamu kwanza na kufikiri baadaye, na ndivyo alivyoupata urais. Anakaa Golf, mtaa wa matajiri wa Lubumbashi, kwenye villa yenye majani yaliyokatwa, na huku Kasungami, pembezoni mwa mji, huja na viatu vyenye ncha, akikanyaga udongo kwa uangalifu kama mtu anayepita juu ya mayai ya jirani.

"Madame," akasema, "mutupe dakika moja. Tunapanga samaki."

Akamvuta shati Dieumerci, kaka wa mke wake, aliyepewa kazi ya ugavi katika ushirika kwa sababu dada yake alilia. Wakajificha nyuma ya motopompe, mashine iliyojaza basini maji asubuhi ile. Hawakujua kwamba Chilufya alikuwa palepale chini yao, amejibanza ukutani, anatetemeka.

"Dieumerci. Nilikutuma nini asubuhi?"

"Samaki, beau." Kwao beau ni shemeji.

"Samaki gani?"

"Samaki bazima. Ulisema: kimbia, lete samaki bazima, wageni beko mu njia. Nikakimbia. Ule mama wa chambre froide akaniuliza: bazima ao ba kukata? Nikamwambia, bazima! Na bichwa yabo, na mikia yabo. Njo hawa."

"Bazima ba kupumua, kichwa ya mbuzi! Ba kuogelea!"

"Beau," akasema Dieumerci kwa upole, "mu chambre froide hamuna wa kupumua."

Tumwonee huruma, jamani. Mtu mzima ni mzima. Mkate mzima ni mzima. Na samaki mwenye kichwa na mkia naye ni mzima, hata kama alikufa mwaka jana katika bahari ambayo Dieumerci hajawahi kuiona. Aliponunua katoni yake kwenye chumba cha barafu alisikia honi ya jeep ya wageni barabarani, akachana karatasi, akatumbukiza bonge zima kama lilivyo.

"Na hii kartasi imebakia ku mugongo yabo?" akauliza Casimir, sauti imekwisha.

"Ilikatala kutoka, beau. Ilikuwa imeganda."

Sasa mgeni mkubwa alikuwa amechuchumaa mbele ya wavu. Jina lake Madame Gaëlle. Mama yake alizaliwa Kamalondo, hukuhuku Lubumbashi, lakini yeye alizaliwa na kulelewa Ubelgiji, na samaki aliyemfahamu tangu utoto ni yule mweupe, asiye na kichwa wala mwiba wala historia. Kiswahili chake alijifunza kwa kompyuta. Alikisema vizuri kuliko wote pale, kama mtu anayesoma habari redioni.

"Samahani sana, Bwana Casimir. Mbona samaki hawa wamekuwa mraba?"

Casimir aliitupia jicho basini. "Ni juu ya bassin, Madame."

"Basini?"

"Bassin iko carré. Samaki anakomaa sawa vile nyumba yake iko."

Wanawake wa ushirika wakakohoa wote kwa pamoja. Walikuwa wamevaa fulana mpya za mradi zenye picha ya pomboo, kwa sababu mchapishaji wa mjini hakuwa na picha ya tilapia na alisema mnyama wa maji ni mnyama wa maji.

"Na hii barafu?"

"Ah, Madame, umefika mwezi wa sita! Baridi ya Lubumbashi iko mubaya. Uliza hawa bamama. Usiku samaki banaikutana, banakumbatiana, asubuhi unabakuta paka vile." Na kwa watu wa Lubumbashi, msomaji, paka huyu si mnyama; ni "tu".

"Maskini," akasema Madame Gaëlle.

Akamgeukia mtu wa tatu, aliyekuwa bado hajasema neno. Huyu ni Profesa Stanislas, mtaalamu wa samaki wa kujitegemea, ofisi yake ni gari lake. Mfuko wa ufadhili ulimkodi aje athibitishe. Na katika mradi ule, msomaji, kulikuwa na fungu linaloitwa utafiti, na fungu hilo lilikuwa lake. Pakiwa na samaki, pana utafiti. Pasipo samaki, kuna kurudi nyumbani na kumweleza mke.

Profesa akainama juu ya wavu. Hakuna mtoto wa Lubumbashi asiyemjua samaki yule. Profesa mwenyewe alimla jana yake na bukari, yaani ugali, na mwiba mmoja ulikuwa bado unamsumbua jinoni. Akamtazama Casimir. Casimir akamtazama yeye. Chilufya, majini, aliwaona wakitazamana vile, na akafahamu kwamba hapo kuna ndoa imefungwa bila padri.

"C'est très intéressant. Inavutia sana," akasema profesa.

"Ni tilapia?"

"Si tilapia, Madame."

Casimir akafumba macho.

"Ni zaidi ya tilapia."

Casimir akafumbua jicho moja.

"Ndugu za samaki hawa wanaishi baharini," profesa akaendelea, akivua miwani na kuivaa tena. "Hawa wameonekana Kasungami. Wamefikaje? Wanaishije? Hatujui, Madame. Kutojua kwetu ni kukubwa sana. Kunahitaji msaada."

"Na hii karatasi mgongoni?"

"Alama ya utafiti. Tunawabandika ili tusiwasahau."

Madame Gaëlle alikuwa anaandika kwa kasi. "Na samaki huyu anaitwa nani?"

Tangu asubuhi wageni walikuwa wameuliza mambo ambayo Mama Mwansa hakuyaelewa: jinsia, uendelevu, mnyororo wa thamani. Sasa, kwa mara ya kwanza, waliuliza kitu anachokijua. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Tomson!"

"Njo Tomson!" wakaitikia wenzake, wote pamoja, kwa jina la sokoni la samaki yule wa barafu. "Tomson ya kukaanga na nyanya!"

"Thomson?" Kalamu ya Madame ikasimama. "Ndiye mtaalamu aliyemgundua?"

"Sisi watu wa sayansi," akasema Profesa Stanislas polepole, "tuna desturi hiyo."

"Kumbe hata akina mama wa mtaa wanajua majina ya kisayansi!" Macho ya Madame yakalengalenga machozi. "Bwana Casimir, sijawahi kuona jambo kama hili. Mfuko wetu lazima ujenge kituo. Kituo cha Utafiti wa Thomson wa Maji Matamu! Leo hii nitaandika. Tutakiweka wapi?"

Casimir hakufikiri hata kidogo. Alinyoosha kidole chini bondeni.

"Pale, Madame. Pale kuko paka shimo. Na kamyo ya udongo imekwisha kufika."

Moyo wa Chilufya ukaanguka ndani ya maji.

Kwa sababu shimo lile lilikuwa lake.

Wewe uliyeanza kusoma leo, sikiliza vizuri. Baba yake Chilufya aliposimamishwa kazi mgodini na kisha kufariki, yeye na mama yake walichimba bwawa pale chini, kwa jembe na beseni, udongo wakiubeba kichwani. Mama Mwansa anapika munkoyo, kinywaji cha mahindi, wa kuuza. Machicha yake wanawatupia tilapia. Tilapia wananenepa, Chilufya anawauza pembeni ya barabara, na wanaobaki wanaliwa na bukari jioni. Nyumba ile haina sufuria nyingine isipokuwa bwawa lile.

Lakini chifu aliupa ushirika bonde lote. Na Casimir akasema bwawa la udongo haliko aux normes, halifikii viwango. Linaharibu picha. Mradi wa kisasa hauwezi kuwa na basini ya saruji yenye nyufa, isiyoshika maji wala samaki, halafu chini yake, mahali ambapo mzungu yeyote anaweza kuona, kuwe na shimo la matope lenye samaki ndani. Leo, wageni wakiondoka, lifukiwe. Sasa hata kuondoka hawakungojewa.

Kule chini kamyo, yaani lori, ikaanza kurudi nyuma, ikilia pii, pii, pii.

Chilufya alipanda kutoka kwenye basini, maji yanamchuruzika. Aseme nini? Akisema kweli, Casimir atamwita mwenye wivu, profesa atavua miwani na kuivaa tena, na kamyo itamwaga. Akinyamaza, kamyo itamwaga vilevile.

Madame Gaëlle alikuwa bado anawatazama samaki wa mraba kwa mapenzi. "Ninatamani sana kumwona mmoja mzima," akasema.

"Hawa bote bazima, Madame!" Dieumerci akaruka mbele, amefurahi kupata nafasi ya kujitetea. "Hamuna wa kukatwa hata mumoja! Niliangalia mwenyewe!"

Casimir akamkanyaga kwa kiatu chenye ncha.

"Nasema mzima," akasema Madame. "Aliye hai. Anayeogelea."



Casimir aliangalia mbingu. Profesa alipangusa miwani iliyokuwa safi. Pii, pii, pii, ikasema kamyo.

Na Chilufya, ambaye hajawahi kusema mbele ya mgeni zaidi ya shikamoo, alisikia sauti inatoka. Ilikuwa yake.

"Beko kule."

Wote wakageuka.

"Wapi, dada?"

"Mu ile shimo." Akanyoosha kidole bondeni. "Ba Tomson bazima beko mu ile shimo ya chini. Pale njo banazalikiaka. Bakikomaa, njo tunabapandisha huku mu bassin... ya kisasa."

Mama Mwansa akamtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Casimir akafungua mdomo, lakini tabasamu lilikuwa limetangulia, na huwezi kukana jambo huku unatabasamu.

Madame Gaëlle hakungoja. Alishuka bondeni mbio, viatu vyake vimezama matopeni, mikono juu.

"Simama! Dereva, simama! Hapa wanazaliwa!"

Shofere akatoa kichwa dirishani. "Nani anazala?"

"Thomson!"

"Tomson anazala?" Shofere akaangalia wanawake waliokuwa wakishuka mbio nyuma ya Madame, akaangalia bwawa, akapiga breki. Miaka yote ya kuendesha kamyo ya mgodi ilikuwa imemfundisha kutouliza mara mbili.

Kamyo ilisimama hatua chache tu kutoka majini, mgongo wake umejaa udongo mwekundu.

Chilufya alichukua ndoo ya mama yake iliyokaa ukingoni, akachota machicha ya munkoyo, akatupa.

Maji yakachemka. Samaki walipanda kutoka kila upande, wakubwa kwa wadogo, wakirukiana migongoni, mikia inapiga, matone yanamrukia Madame Gaëlle usoni. Alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Wazima!" akapiga kelele. "Wazima kabisa! Lakini, profesa... mbona hawafanani na wale wa juu?"

Profesa Stanislas alikuwa amefika, anahema. Aliwaangalia tilapia. Aliangalia kamyo. Akaangalia fungu lake la utafiti, ambalo hakuna mwingine aliyeliona lakini yeye aliliona wazi kabisa, likielea juu ya maji.

"Wale wa juu ni watu wazima," akasema. "Hawa ni watoto. Utotoni, Madame, Thomson anafanana sana na tilapia."

"Sana?"

"Huwezi kabisa kumtofautisha."

"Ajabu!"

"Ndiyo maana nasema utafiti."

Chilufya alikaa chini kwenye majani. Bwawa limepona! Alitaka kumshika mama yake mkono, wacheke wote wawili mpaka jioni.

Ungefurahi naye, msomaji. Hata mimi nilitaka tuishie hapa.

"Wapenzi akina mama," Madame Gaëlle akatangaza, akijipangusa uso, "kuanzia sasa bwawa hili ni mahali pa utafiti. Linalindwa. Hakuna mtu atakayevua hapa. Hakuna kuuza, hakuna kula."

Mama Mwansa hakuelewa. "Hata moja, Madame? Ya mboga ya leo?"

"Hata mmoja, mama. Wewe ungemla mtoto wa sayansi?"

"Nabalisha miye mwenyewe! Na machicha yangu!"

"Na machicha pia yasimame. Profesa ataleta chakula cha kitaalamu."

Profesa akainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

"Sasa leo tutakula nini?" Mama Mwansa hakumwuliza Madame. Alimwuliza Chilufya, na macho yake hayakuwa na mchezo.

Casimir ndiye aliyejibu. Alikuwa amepata tena rangi yake, na moyo wa ukarimu ulikuwa umemjaa.

"Mama Mwansa, usihuzunike. Dieumerci! Letea mama ile bonge ya kule juu."

Hivyo ndivyo mwanamke mwenye bwawa lililojaa samaki alivyosimama pembeni ya bwawa lake akipokea, mikononi, mikono ikimuuma kwa baridi, bonge la Tomson la pembe nne. Na alishukuru, kwa sababu watu walikuwa wanapiga picha.

"Uko na akili, mwana wangu," akamnong'oneza Chilufya alipopita. "Umeokoa samaki, umetunyima samaki."

Chilufya alikuwa anamwangalia Madame Gaëlle, ambaye alikuwa amesogea pembeni, simu sikioni, anasema Kifaransa haraka haraka. Mara akashika kifua. Aliporudi, uso wake uling'aa kama sahani iliyooshwa.

"Nimempa habari mkurugenzi wetu mkuu. Huko Ulaya. Amelia! Mzee mzima amelia kwenye simu!"

"Analia juu ya nini?" akauliza Casimir.

"Jina!" Madame akapiga makofi. "Yeye mwenyewe anaitwa Thomson. Monsieur Thomson! Na si hivyo tu. Baba yake alikuwa mvuvi wa bahari ya baridi, babu yake pia. Samaki wa jamii hii amewavua kwa mkono wake tangu utoto. Anasema anamjua kila mmoja, kwa mkia, kwa jicho, hata gizani."

Miwani ya Profesa Stanislas ilianguka majini. Hakuna aliyeinama kuiokota. Tilapia mmoja akaja kuinusa.

"Anakuja mwenyewe," Madame akaendelea. "Jumatatu anashuka kwenye ndege, moja kwa moja mpaka hapa. Hataki hotuba, hataki ngoma. Anaomba kitu kimoja tu: avuliwe wajina wake mmoja, mkubwa, mzima, mbele ya macho yake. Na avuliwe na huyu dada."

Akamkumbatia Chilufya, na kitenge cha msichana kilicholowa kikamlowesha naye. Halafu akapanda kwenda kwenye jeep, akiimba kidogo.

Dieumerci alikuwa anafikiri. Ilionekana usoni kwamba anafikiri, kwa kuwa ilimuuma.

"Beau," akasema, "Jumatatu nilete bazima gani?"

Casimir alisimama mbele ya Chilufya, na kwa mara ya kwanza tangu mmjue katika hadithi hii, hakutabasamu.

"Weye njo ulisema beko humu."

"Ingénieur, miye nilitaka paka..."

"Nilisikia ile ulitaka. Jumatatu utatosha, utavua, Tomson muzima mu hii mayi. Ukimutosha, étang yako, hii bwawa, inabaki, kituo tunakipeleka fasi ingine. Ukimukosa, tutamwambia Monsieur Thomson kama samaki balikufa, na samaki bakikufa tunabazika. Unanisikia, mwana?"

Alisikia. Tatizo ni kwamba shofere naye alisikia nusu. Akapiga honi.

"Ingénieur! Sasa hii udongo namwaga wapi?"

Casimir aliitazama kamyo, akalitazama bwawa, akamtazama msichana.

"Zima moteur," akasema. "Lakini usitoke. Baki paka vile iko."

"Mpaka lini?"

"Mpaka Jumatatu."

Jeep ikaondoka, honi zikipigwa kwa furaha. Wanawake wakapanda na fulana zao za pomboo. Chilufya akabaki kati ya maji na kamyo, ambayo ilikuwa imegeuza mgongo kuelekea bwawani, imejaa mpaka juu.

Mlango wa nyuma haukuwa umefungwa vizuri. Bonge dogo la udongo likateleza, likadondoka majini. Tubwi.

Samaki wakapanda wote, midomo wazi. Walidhani ni machicha.